Hita ya gari ikikuhangaisha, dhibiti maji yake

JULAI ya Nairobi haina huruma. Asubuhi unawapeleka watoto shuleni wamejikunyata kwenye kiti cha nyuma kama vifaranga walionyeshewa, unawasha hita, na kinachotoka ni upepo ule ule wa nje. Jirani yako naye ana balaa la kinyume: amebeba familia kwenda Mombasa kwa Krismasi, wamefika Mtito Andei jua likiwa utosini, na hita ambayo hakuna aliyeigusa inawapulizia miguuni hewa ya tanuri. Mtoto mdogo analia, mama anajipepea kwa gazeti, na baba anageuza vifungo vya dashibodi bila kuona tofauti yoyote.

Msomaji, ikiwa limekupata mojawapo kati ya haya, huenda fundi amekwisha kukuambia kwamba lazima dashibodi yote ing'olewe. Si lazima awe anakudanganya. Katika magari mengi ya siku hizi hita imefichwa nyuma ya dashibodi, na kuifikia ni kazi ya siku nzima. Lakini kabla hujafungua mkoba, lifahamu jambo hili: hita ya gari haitengenezi joto. Joto inaliazima kutoka kwa maji yanayopoza injini, na anayeyatawala maji hayo ndiye anayeitawala hita. Nayo maji hayo yanaweza kutawaliwa chini ya boneti, kwa koki moja na kipande cha mpira, dashibodi ikibaki mahali pake.

Joto la mkopo

Petroli ikichomwa ndani ya injini, sehemu ndogo tu ya nguvu zake ndiyo inayozungusha magurudumu. Kwa makadirio ya kawaida, karibu theluthi moja hutoka pamoja na moshi, na nyingine kama hiyo huingia katika chuma cha injini. Joto hilo la pili lisipoondolewa, chuma kitapinda. Ndiyo maana injini huogeshwa kwa maji muda wote inapofanya kazi. Wanafunzi wa fizikia mtakumbuka kwamba kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,200 ili joto lake lipande kwa uzi mmoja tu wa Selsiasi. Hakuna kioevu kingine cha bei rahisi kinachobeba mzigo mkubwa kiasi hicho.

Pampu huyasukuma maji kuzunguka silinda hadi kwenye kichwa cha injini. Hapo hukutana na bawabu aitwaye thamostati, kidude cha chuma chenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, bawabu hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta. Maji yakifikia nyuzi 82 au 88 hivi, kulingana na gari, nta huyeyuka, hutanuka na kuusukuma mlango wazi. Hita haimngoji bawabu huyu. Mpira wake huchota maji kabla ya kumfikia, na ndiyo sababu hewa ya vuguvugu huanza kutoka dakika chache tu baada ya kuondoka nyumbani, rejeta ikiwa bado baridi.

Hita yenyewe ni rejeta nyingine ndogo, yenye ukubwa wa kitabu kinene. Mpira mmoja huleta maji moto kutoka kwenye injini, wa pili huyarudisha kwenye pampu, na feni hupuliza hewa katikati yake. Fungua boneti utazame ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya abiria: mara nyingi utaiona mipira miwili inayolingana ikiingia ukutani bega kwa bega. Hiyo ndiyo mishipa ya hita.

Sasa, kifungo unachokigeuza kwenye dashibodi kinafanya nini? Inategemea gari. Katika baadhi ya magari, hasa ya miaka ya 80 na 90, kifungo huvuta waya ambao hufungua au kufunga valvu ndogo iliyo kwenye mojawapo ya mipira ile. Katika mengi ya baadaye, maji hupita kwenye hita mchana na usiku, na kifungo huamrisha mlango mdogo wa plastiki unaoamua hewa ipite kwenye hita au ikwepe. Valvu ikishikwa na kutu ikiwa wazi, utachomeka. Mlango ukivunjika bawaba ukiwa wazi, utachomeka vile vile. Ukiyakata maji, matatizo yote mawili hunyamaza, kwa kuwa hewa inayopita kwenye hita iliyo baridi hutoka bila moto.

Kwa nini huharibika kwetu

Magari mengi yanayonunuliwa na familia za Nairobi hutoka Japani yakiwa yametumika. Huko hukaa na kulanti, yaani maji yaliyochanganywa na dawa ya glaikoli, kwa sababu nchi yao huwa na theluji. Yakifika hapa, husikia maneno ambayo kila mwenye gari ameyasikia: Kenya hakuna barafu, weka maji ya mfereji. Kisha huongezewa maji ya mtoni mahali fulani safarini, na baada ya miaka miwili kilichomo ndani kina rangi ya chai.

Dawa ile haikuwa ya kuzuia barafu peke yake. Huzuia kutu na kupandisha kiwango cha maji kuchemka. Jambo hili la pili ni kubwa kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Nairobi iko juu ya bahari kwa mita 1,700 hivi, na sufuria ya maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94, si 100. Limuru ni 93 au chini kidogo. Timboroa, ambako barabara hupita zaidi ya mita 2,700, ni karibu 91. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke ni shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko chake. Kifuniko kikiwa na mpira uliochakaa, na maji yakiwa matupu, injini iliyotengenezwa kufanya kazi kwenye nyuzi 90 inatembea ukingoni mwa shimo.

Kutu ile nayo hutafuta pa kutulia. Hukuta hita, yenye vijia vyembamba na ambayo katika magari yenye valvu hukaa imefungwa miezi kumi ya mwaka. Hapo hujikusanya kama masizi kwenye bomba la moshi. Mwenye gari anapoikumbuka hita yake mwezi wa Juni, maji hayapiti tena.

Halafu kuna ule ugonjwa wetu wa kung'oa thamostati. Gari likichemka mara moja tu, fundi humtupa bawabu nje akisema kwamba nchi hii ni ya joto. Rejeta hupata maji tangu dakika ya kwanza, injini haifikii joto lake, petroli huliwa zaidi, oili huchafuka upesi, na hita hutoa hewa ya vuguvugu lisilomsaidia mtu. Mwandishi huyu hana subira na desturi hiyo. Ikiwa hita yako haipati moto, uliza kwanza kama bawabu yuko kazini kabla ya kulaumu kitu kingine.

Uliza mipira

Uchunguzi hauhitaji mashine. Endesha gari kwa robo saa, liegeshe, zima injini, kisha usogeze mkono karibu na ile mipira miwili na kuigusa kidogo kwa kitambaa. Jihadhari na feni, kwani zile za umeme huweza kuanza kuzunguka zenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Mipira yote ikiwa moto na ndani ya gari mnapata baridi, maji yanafika na kosa ni la mlango wa hewa au feni. Mmoja ukiwa moto na wa pili baridi, hita imeziba au valvu imefungika. Yote ikiwa ya vuguvugu, shuku thamostati, maji kupungua, au hewa iliyonaswa ndani ya mipira. Na yote ikiwa moto huku ninyi mnaungua na kifungo kiko kwenye baridi, basi una kile kisa cha Mtito Andei.

Hita iliyoziba aghalabu huweza kuokolewa. Injini ikishapoa kabisa, mipira yote miwili hufunguliwa, na maji safi ya mpira wa bustani hupitishwa kinyume, yaani yaingie kwa mlango wa kutokea, mpaka yatoke meupe. Yafunguliwe kwa nguvu ndogo. Kuta za hita ni nyembamba, na presha ya mahali pa kuoshea magari itaipasua.

Koki au kitanzi

Tuje sasa kwa hita isiyotaka kuzimika. Njia ya kwanza ni kitanzi. Mipira miwili huondolewa kwenye hita, na badala yake mpira mmoja wa maji ya moto uliopinda kama herufi U huunganisha mahali maji yanapotokea kwenye injini na mahali yanaporudi. Maji huendelea kuzunguka lakini hayaingii ndani ya gari. Upana wa mipira hii huwa milimita 16 mara nyingi, mingine 19, basi beba kipande cha ule wa zamani unapokwenda dukani. Katika maduka ya spea ya Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hakuna atakayekushangaa. Kata tu kukubali mpira wa bustani, hata ukilingana kwa upana. Maji ya nyuzi 90 yenye shinikizo yataulainisha uwe kama uji.

Kwa nini tusizibe tu matundu yote mawili kwa vizibo? Kwa sababu katika injini fulani njia ya hita ndiyo barabara pekee ya maji wakati bawabu angali amefunga. Ukiiziba, maji husimama, sehemu moja ya kichwa cha injini huchemka huku thamostati haijapata habari, na gasketi huungua. Kitanzi hakina hatari hiyo.

Kitanzi hakina budi kuwa ndicho chaguo iwapo hita inavuja. Dalili zake ni zulia lenye unyevu miguuni pa abiria wa mbele, harufu tamutamu ndani ya gari, na utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele usiotoka kwa kitambaa. Usiendelee kulibeba gari la namna hiyo kwa sababu linatembea. Mpasuko mdogo ukiwa mkubwa ghafla, maji yanayounguza humwagikia miguu ya aliyeketi pale, na mara nyingi huyo ni mkeo au mtoto. Na usidhani kufunga koki kwenye mpira wa kuingizia kutatosha: maji yataifikia hita kwa kurudi nyuma kupitia mpira wa pili.

Hita ikiwa nzima na shida ni kutozimika tu, njia ya pili ni bora zaidi, nayo ni koki. Mpira unaoleta maji moto hukatwa mahali panapofikika, koki ya shaba huingizwa katikati, na klipu mbili hukazwa. Desemba unafunga, Juni unafungua. Ukitaka vuguvugu, fungua kidogo, ukijua kwamba koki haina usawa: robo ya kwanza ya mzunguko huleta sehemu kubwa ya joto lote, na robo zinazofuata hazikuongezei mengi. Ongeza kidogo kidogo, ungoje dakika tano, kisha uamue.

Lakini kumbuka zile injini ambazo njia ya hita ni barabara pekee. Kwa hizo haifai koki ya kawaida. Inatakiwa valvu yenye midomo minne, ambayo ikifungwa upande wa hita huyapitisha maji mkato na kuyarudisha kwenye injini. Mwulize fundi swali hilo waziwazi kabla hajashika kisu: maji yatapita wapi nikifunga? Akikosa jibu, mshukuru kwa heshima uende kwa mwingine.

Wenye Noah, Hiace na magari mengine ya familia yenye hita ya pili nyuma, tazameni pia mabomba yanayopita chini ya sakafu. Hupigwa na mawe na kuliwa na kutu, na wengi hupoteza maji kwa njia hiyo huku wakilaumu rejeta. Kitanzi kwenye makutano ya mbele huikata hita ya nyuma na kuiacha ya mbele ikifanya kazi. Wenye magari ya haibridi na ya umeme, ninyi msiguse. Humo huwa na mizunguko zaidi ya mmoja ya maji, mmoja ukipoza vifaa vya umeme, na kuukosea ni hasara isiyolingana na joto la miguu.

Mikono na watoto

Kazi yote hii hufanywa injini ikiwa baridi kabisa. Injini iliyozimwa nusu saa iliyopita si baridi. Kifuniko cha rejeta kikifunguliwa mapema, shinikizo huondoka mara moja, maji yaliyokuwa yametulia hugeuka mvuke, na uso wa aliyeinama hapo ndio unaoupokea.

Kingine ni beseni. Kulanti itakayomwagika ikingwe, isiachwe uani. Glaikoli ni sumu, tena ina ladha tamu inayowavutia watoto na mbwa, na kiasi kidogo tu huweza kuua figo. Iliyobaki itiwe kwenye chupa yenye maandishi makubwa na kufichwa mbali na jikoni. Chupa ya soda isiyo na alama ndiyo inayoleta msiba.

Mkishamaliza, jazeni maji na dawa, egesheni gari pua ikitazama mlimani, fungueni hita yote, kisha mwasheni injini kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, hadi mapovu yaishe. Hewa iliyonaswa huidanganya geji ya joto, kwa sababu kipimo kisichoguswa na maji huweza kuonyesha baridi huku injini inaungua.

Ukungu wa Kimende

Kukata maji ya hita kuna gharama mbili, na wengi huzigundua wakiwa njiani.

Ya kwanza ni kioo. Panda kutoka Nairobi kuelekea Naivasha alfajiri ya Julai, upite Limuru, Kimende hadi Kinale. Nje kuna ukungu mzito, ndani kuna watu watano wanaopumua. Mvuke wa pumzi zao hugandamana kwenye kioo baridi, na kwa dakika moja dereva haoni lori lililo mbele yake. Hewa moto ya hita ndiyo inayoukausha mvuke huo. Ukiwa umeweka kitanzi, lazima uwe na kiyoyozi kinachofanya kazi, kwa kuwa nacho huitoa hewa unyevu wake, au mteremshe vioo viwili kidogo na kuvumilia baridi. Kupangusa kwa kiganja huku gari linakwenda si mpango. Kwa familia inayosafiri mara kwa mara kwenda Nyahururu au Eldoret, kwa maoni yangu kitanzi kisizidi msimu mmoja. Weka koki.

Gharama ya pili ni ya wakati wa dhiki. Madereva wa zamani wanajua kwamba gari likianza kuchemka mlimani, tuseme unaupanda ukuta wa Mai Mahiu umejaza watu na mizigo, unaweza kuzima kiyoyozi, kufungua hita yote na kuweka feni kwenye nguvu ya mwisho. Mtatoka jasho, lakini ile rejeta ndogo huipunguzia kubwa mzigo, na mara nyingine sindano hurudi chini kiasi cha kuwafikisha mahali pa kuegesha. Gari lenye kitanzi halina msaada huo. Ukimwazima ndugu yako gari la namna hiyo, mwambie, ama uandike kwenye karatasi na kuibandika karibu na usukani, asije akategemea kisichokuwapo.

Najua pia kuna wenye Volkswagen za zamani, zile za mgongo wa kobe, watakaotafuta mipira hii wasiione. Injini yake haina maji hata tone. Hupozwa kwa hewa, na joto la abiria huokotwa kutoka kwenye mabomba ya moshi. Kifuko cha chuma kinachozunguka mabomba hayo kikitoboka kwa kutu, moshi wenye kaboni monoksidi huingia ndani pamoja na joto, nao hauna rangi wala harufu ya kukushtua. Ukisikia kichwa kizito au watoto wanasinzia isivyo kawaida, funga hita, fungua vioo vyote, simama.

Kwa wenye magari ya maji, kazi haijaisha siku ile ile. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, inama utazame chini ya injini kwa tochi. Ukiona tone la kijani au jekundu, kaza klipu kidogo kwa bisibisi, usiikate mpira. Rudia baada ya wiki moja, kwani mpira mpya hulegea kidogo ukishapikwa na kupoa mara kadhaa.